Bunduki Mbili Zinatosha

Hebu mwone Verner Hautala akifika. Ni Jumamosi ya kwanza ya Novemba, asubuhi, theluji nyembamba imelala juu ya majani makavu, na pikapu yake ya kijani inapanda polepole njia ya kokoto kuja uwanja wa shabaha wa chama chetu cha wawindaji, hapa Haapala, upande wa juu wa jimbo la Michigan, Marekani. Anazima gari, anashuka. Mrefu, mabega yameanza kuinama, kofia ya rangi ya chungwa imekaa upande kama kawaida yake. Miaka yote tuliyomjua, siku hii ya kupimia bunduki kabla ya msimu, Verner alikuwa akifika huku nyuma ya gari lake kumejaa mablanketi, na ndani ya kila blanketi bunduki, ungedhani anahamisha wagonjwa wa hospitali nzima. Safari hii ananyoosha mkono ndani ya gari, anatoa mfuko mmoja. Anafunga mlango.

"Wengine umewaacha nyumbani na homa?" Burt Kessler, msimamizi wa uwanja, akamuuliza.

"Nimepunguza," Verner akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeacha pombe na anataka ijulikane.

"Umepunguza hadi ngapi?"

"Mbili. Hii ya kulungu, na ile ya marisau, ya kuwindia bata, ipo nyumbani. Bunduki mbili zinatosha, Burt. Zaidi ya hapo ni ugonjwa."

"Aune amekutishia talaka, sema ukweli."

Watu wakacheka, na Verner akacheka nao. Alikuwa na furaha siku hiyo. Nataka uikumbuke furaha hiyo, maana haikufika saa sita.

Verner alikuwa fundi wa mabasi ya shule maisha yake yote ya kazi. Hakuna mtoto wa Haapala mwenye umri chini ya miaka hamsini ambaye hakupanda basi lililopita mikononi mwake. Na kama ilivyo kwa mafundi wengi, alishindwa kutupa kitu kinachofanya kazi. Bunduki zilimjia zenyewe. Moja ya baba yake, moja ya mjomba aliyekufa bila mtoto, moja aliipata kwa kumtengenezea mtu gari, nyingine aliinunua mwaka aliozaliwa mwanawe, nyingine mwaka uliofuata kwa sababu ile ya kwanza ilionekana mpweke. Kabati la chuma lilijaa, akanunua la pili. Aune, mkewe, alikuwa akisema kwamba siku nyumba itakapozama chini ya ardhi, hatashangaa.

Sasa, kuna desturi moja ya kwetu ambayo lazima uijue. Mwindaji akiumwa, au akienda kufanya kazi mbali, au akipatwa na lolote la kumweka ndani, bunduki yake haikai peke yake. Anaipeleka kwa rafiki. Yule rafiki huipaka mafuta kila vuli, na siku ya shabaha huja nayo uwanjani pamoja na zake, akapiga nayo risasi chache ili isisahau kazi. Hakuna karatasi inayoandikwa. Hakuna anayeuliza kama bado ipo, maana kuuliza ni kumtukana mwenzako. Mwenye nayo akipona, anakuja tu siku ya shabaha. Anajua itakuwepo.

Delbert Trombley alipopigwa na kiharusi, miaka mitatu kabla ya asubuhi hii ninayoisimulia, bunduki yake ilikwenda kwa Verner. Ingekwenda kwa nani tena? Wamewinda pamoja tangu wakiwa vijana wasio na ndevu. Delbert alikuwa kitandani, nusu ya mwili imelala, ulimi mzito, akamwambia, "Kaa nayo mpaka nisimame." Verner akasema, "Hata ukisimama kwa mkongojo." Na vuli mbili zilizofuata alifanya kila kitu kama inavyotakiwa.

Kisha likaja kiangazi cha kuhama. Goti la Aune lilikataa ngazi, wakaamua kuuza nyumba kubwa na kuhamia nyumba ndogo ya chini karibu na kanisa. Kila kitu kilipaswa kupungua. Aune alianza na vyombo, akagawa sufuria bila kulia. Verner akaona aibu kushindwa na mke wake, akasimama mbele ya makabati yake na kujiwekea sheria: kinachobaki ni kile tu kinachohitajika, na kinachohitajika ni kile ambacho mikono yake mwenyewe inakitumia. Ya baba yake aliipeleka kwa mwanawe. Ya mjomba na nyinginezo akamwachia muuza bunduki wa mjini. Kila iliyotoka ilimpa wepesi fulani ambao hakuutarajia, na wepesi huo ukamlevya. Akaanza kutuhubiria. Ukikutana naye dukani unanunua maziwa, anakuuliza una bunduki ngapi na ngapi kati yake unazihitaji kweli. Burt alianza kuvuka barabara akimwona.

Siku alipofika kwenye ile ya mwisho kabatini, Aune alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo. Yeye ndiye aliyenisimulia hili, na alinisimulia akiangalia pembeni.

"Hiyo ni ya Delbert," Aune akasema.

"Najua ni ya nani."

"Basi iache."

"Niiache afanyie nini, Aune? Delbert hawezi kushika hata kijiko."

Mwezi ule ilikuwa kweli, na Aune akaenda zake na kikapu chake. Kikosi cha zimamoto cha kujitolea kilikuwa kinakusanya vitu vya bahati nasibu, ile ya kila mwaka ya kununulia mipira ya maji. Verner akaipeleka. Nadhani alijiambia kwamba ni jambo jema, kwamba Delbert mwenyewe alikuwa mzimamoto zamani, kwamba angefurahi. Jina lililotangazwa kwenye ukumbi kwamba ndiye mtoaji lilikuwa la Verner Hautala, na watu wakampigia makofi. Hakusahihisha. Na kwa Delbert hakupiga simu.

Turudi uwanjani. Verner alikuwa ameshapiga mara mbili na ameridhika, ndipo gari jekundu la Corinne, binti ya Delbert, likaingia. Corinne akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa upande wa pili, na Delbert Trombley akatoa mguu mmoja nje, akautoa mwingine kwa kuuvuta na mkono, akasimama na mkongojo wake.

Uwanja mzima uliacha kupiga. Watu wakaenda kumsalimu, wengine wakamshika bega, wengine hawakujua wamshike wapi.

"Mbona mnanitazama hivyo?" Delbert akasema. Maneno yalimtoka taratibu, lakini yalikuwa yake. "Nimekuja kupiga, sijaja kuzikwa."

Corinne akaeleza huku akitabasamu. Mazoezi ya mwaka mzima. Mkono wa kushoto sasa una nguvu, na amepata kibali cha kuwinda akiwa amekaa ndani ya gari lililosimama. Hawakumwambia mtu, mzee alitaka kuwashtua watu.

Delbert akamtafuta Verner kwa macho, akampata. "Haya, fundi mabasi. Nimesimama. Ilete."

Verner alikuwa ameshika bunduki yake kwa mikono yote miwili kama mtu aliyeshika ndoo inayovuja. Uso wake, nakwambia, ulikuwa mweupe kuliko theluji ya ardhini.

"Delbert," akasema. "Karibu. Mungu wangu, umependeza. Bunduki... iko kwa fundi."

"Ina nini?"

"Kifyatulio. Kilikuwa kinakwama kidogo. Nikasema nisikuletee kitu kibovu."

"Kifyatulio kile hakijawahi kukwama tangu nizaliwe."

"Mambo hubadilika, bwana. Baridi."

"Mjomba Verner, ni fundi gani?" Corinne akauliza. "Nipite kuichukua mimi, nina siku ya mapumziko Jumanne."

"Nitaileta mwenyewe, binti yangu. Usihangaike."

Pengine uongo huo ungeishi siku kadhaa. Pengine Verner angepata nafasi ya kuitafuta ile bunduki, kuomba, kupiga magoti. Lakini kwenye meza ya mwisho ya kupigia shabaha alikuwepo Noreen Skoglund, mpishi mpya wa shule, mama wa makamo aliyehamia kwetu majira ya kuchipua. Alikuwa na msimu wake wa kwanza mbele yake na alikuwa anapiga taratibu, risasi moja, kisha anafikiri, kisha nyingine. Alipiga.

Delbert akageuza kichwa. Wawindaji wengi watakwambia bunduki zote za aina moja zinalia sawa, na labda ni kweli. Sisemi alitambua mlio. Ila aligeuka, na alipogeuka akaona kitako kilichowahi kupasuka na kuungwa kwa parafujo ya shaba, parafujo aliyoikaza yeye mwenyewe mezani kwake mwaka alioanguka nayo kwenye barafu.

Akaanza kutembea kwenda kule. Mkongojo, mguu, mguu. Verner akamfuata akisema, "Delbert, ngoja, Delbert, hapo kuna utelezi," na Delbert hakungoja.

Noreen alipowaona akasimama, akavua vikinga masikio, na uso wake ukachangamka, akanyoosha mkono. Lakini hakuwa anamtazama Delbert.

"Wewe ndiye Bwana Hautala, siyo? Nimekutafuta tangu ile siku ya ukumbini. Nilitaka kukushukuru kwa mkono wangu. Hii ndiyo bunduki yangu ya kwanza, na sijui kama ningeweza kununua moja mwaka huu. Wameniambia wewe ndiye uliyeitoa."

Verner hakuupokea mkono. Nadhani hakuuona.

Delbert ndiye aliyejibu. "Umemshukuru mtu sahihi, dada. Verner ana mkono wa kutoa."

Hakuna aliyecheka. Noreen akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, na mkono wake ukarudi chini polepole. Corinne alikuwa amefika nyuma yetu.

"Umetuambia iko kwa fundi," akasema.

"Nilidanganya," Verner akasema.

"Kwa nini hukunipigia simu?" Delbert akauliza. Hakuwa na hasira ya kelele. Hata sauti haikupanda. "Nyumba yangu ina simu. Ningeipokea kwa shida, lakini ningeipokea."

Verner alivua kofia yake, sijui kwa nini, akasimama kichwa wazi kwenye baridi ile. "Ningepiga ungesema hapana."

"Ningesema hapana, ndiyo."

"Nilikuhesabu umekwisha, Delbert. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine."

Delbert akaitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. "Daktari naye alinihesabu hivyo. Ila yeye hakugawa vitu vyangu."

Noreen alikuwa ameshaanza kutoa risasi kwenye bunduki. "Ichukue," akamwambia Delbert. "Mimi sikujua. Ichukue, tafadhali, nisije nikalala na kitu cha mtu."

"Umeishinda kwa haki. Ni yako."

"Sitaki iwe yangu kwa namna hii."

"Basi niazime," Delbert akasema. "Kwetu bunduki huazimwa. Wiki ya kwanza ya msimu tu. Halafu inarudi kwako na nitakufundisha mahali inapopenda kushikwa, maana naona unaikaba."

"Mimi bado najifunza," Noreen akasema. "Kulungu wangu anaweza kusubiri wiki moja."

Wakakubaliana hivyo. Delbert akaketi mezani pa Noreen, Corinne akamwegemeza bega, akapiga risasi tatu kwa mkono wa kushoto. Mbili zilipata karatasi ya shabaha. Watu wakashangilia kwa nguvu kuliko ilivyostahili, na yeye akawaambia wanyamaze. Verner alikuwa ameketi ndani ya pikapu yake, injini imezimwa, mikono juu ya usukani. Alikaa hivyo mpaka magari mengine yote yalipoondoka. Lile neno lake la bunduki mbili hatukulisikia tena, dukani wala kanisani. Akiingia mahali alikaa karibu na mlango. Siku moja dukani Burt, kwa nia njema, alijaribu kumtania kuhusu makabati matupu, na Verner akalipia misumari yake akatoka na kuisahau juu ya kaunta.

Alikwenda kwa Delbert mara mbili kabla ya msimu. Mara ya kwanza Corinne alimwambia mzee amelala, na televisheni ilikuwa inasikika. Mara ya pili alikuwa amebeba bunduki yake ya kulungu, ile aliyoibakiza, nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo, akataka aiache. Delbert alikuja mpaka mlangoni.

"Ya nini hii?"

"Iwe yako."

"Nina ya kuazima. Peleka hiyo nyumbani, utaloa."

"Basi niruhusu nikae nawe garini. Lazima uwe na mtu wa kukaa nawe, na Corinne yuko kazini."

"Nitafikiri."

Alifikiri mpaka jioni ya tarehe kumi na nne. Msimu unafunguliwa tarehe kumi na tano, na kwetu hiyo ni kama Krismasi, hata shule hufungwa. Simu ya Verner ikalia wakati Aune anafunga mikate ya nyama na viazi kwenye karatasi.

"Saa kumi na moja alfajiri," Delbert akasema. "Usichelewe. Na bunduki yako iache."

Kwa hiyo Verner Hautala, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, alifungua msimu mikono mitupu. Walisimamisha gari la Delbert ukingoni mwa shamba la zamani la viazi, kioo kimeshushwa, kifuko cha mchanga juu ya mlango, bunduki juu ya kifuko. Baridi iliingia kama ina ufunguo. Verner alimimina kahawa, akafunga zipu ya koti la mwenzake, akamfuta pua alipoombwa. Kulipopambazuka akafungua chupa ya supu ya njegere, akaimimina kwenye kikombe, akashika kijiko ili amlishe.

"Lete," Delbert akasema, akakichukua kwa mkono wa kushoto. Akala supu yake yote, polepole, bila kumwaga. Verner aligeuka akaangalia nje kupitia dirisha lake, na aliendelea kuangalia huko muda mrefu, ingawa upande ule hakukuwa na kitu ila miti.

Kulungu alitoka msituni jua likiwa limepanda kidogo. Dume, pembe za kutosha, alitembea kama anayekwenda kwa jirani. Verner akaweka kikombe chini. Delbert akainama, akaegemea, akavuta, na risasi ikapita juu kidogo ya mnyama, theluji ikaruka nyuma yake. Kulungu aliruka mara moja, akarudi msituni.

"Kioo cha darubini ya bunduki kilikuwa na ukungu," Verner akasema haraka. "Nilipaswa kukifuta. Kosa langu."

"Nimekosa."

"Na upepo pia ulikuwa..."

"Verner. Nimekosa. Usinitafutie sababu. Shuka ukaangalie kama kuna damu."

Verner akashuka, akavuka shamba lote, akafuata nyayo ndani ya miti mpaka aliporidhika. Hakukuwa na damu. Mnyama alikuwa salama.

Mchana tulikuwa kambini, kibandani mwetu, jiko la kuni linavuma, soksi zinaning'inia kila mahali. Noreen alikuwa amekuja na sufuria kubwa, kwa kuwa mpishi ni mpishi hata siku ya mapumziko. Delbert akaingia, Verner nyuma yake, na habari ya kukosa ikasemwa. Kila mtu akautazama ukuta. Kwa maana kwetu mtu akikosa kulungu, anakatwa mkia wa shati, ile ncha ya chini ya nyuma. Kipande kinaandikwa jina na mwaka, kinapigiliwa msumari ukutani. Ukuta wa kambi yetu umejaa vitambaa kama duka la fundi cherehani. Tunakata na kucheka na aliyekatwa huvaa shati hilo hilo mpaka kesho. Lakini nani angemkata Delbert? Burt akaanza kukoroga supu isiyohitaji kukorogwa.

Delbert akasimama katikati ya chumba, akachomoa shati lake kwenye suruali kwa mkono mmoja. Ilimchukua muda. Hakuna aliyesogea kumsaidia.

"Nangoja," akasema.

"Aa, Delbert," Burt akasema. "Mwaka huu tuache tu. Na hali yenyewe..."

"Hali gani? Nimekosa au sikukosa?"

"Umekosa."

"Kipande chako si kile pale karibu na jiko, cha mwaka ulioua mti? Ulikuwa na hali gani?"

Noreen akacheka, akaziba mdomo. Delbert akaingiza mkono mfukoni, akatoa kisu chake cha kukunja, akakifungua kwa meno. Burt aliweka mwiko chini na kunyoosha mkono kukipokea. Mimi nilikuwa karibu zaidi, nikanyoosha pia. Delbert akatupita sote wawili na kukielekeza mpini wake kwa Verner, aliyekuwa amesimama mlangoni bado na koti.

"Mwache Burt akate," Verner akasema.

"Nimekupa wewe."

"Delbert, nakuomba."

"Shati ni zuri, Corinne alinipa siku ya kuzaliwa. Kata kwa mstari ulionyooka."

Verner akaja. Akashika ncha ya shati la rafiki yake, akaanza kukata, macho yakiwa pembeni, na kitambaa kilitoka kimepinda, kipana upande mmoja, kama kilichotafunwa na panya. Delbert akakitazama dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Na huyu alikuwa akikata mipira ya injini za mabasi ya watoto," akatuambia. "Mungu aliwalinda wengi."

Chumba kizima kikaangua kicheko, hata Noreen, hata mimi. Verner peke yake hakucheka. Aliandika jina la Delbert na mwaka, akatafuta msumari, akakipigilia kitambaa kile ukutani pamoja na vya wengine, akakaa kwenye benchi kuelekea ukuta, mgongo kwetu, mpaka supu ilipopakuliwa.

Miaka imepita na wapo wanaosema siku ile Delbert alimrudisha rafiki yake. Wengine wanasema hapana, alitaka mtu aliyemhesabu amekwisha aandike jina la Delbert miongoni mwa wawindaji kwa mkono wake mwenyewe, na ailipe aibu hiyo mbele yetu sote. Delbert hajasema, na Verner, namjua, hawezi kuuliza. Wanakaa bado kwenye gari moja kila Novemba. Wewe ungekuwa umesimama pale kando ya jiko, ungesema kisu kile kilikuwa msamaha, au kilikuwa adhabu?